Bia Isiyomkera Mtu: Kwa Nini Wanywaji Hawaafikiani Kuhusu Laga ya Bei Nafuu ya Marekani

Tarehe 25 Januari 1981, Wamarekani wakiwa mbele ya televisheni wakitazama Super Bowl, fainali ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, kampuni ya bia ya Schlitz ilinunua muda wa tangazo ikafanya jambo lililoonekana la kichaa. Iliwaketisha watu 100 mbele ya kamera, matangazo yakienda moja kwa moja, ikawaonjesha bia mbili zisizo na lebo. Watu wenyewe hawakuokotwa mtaani. Wote walikuwa wanywaji wa Michelob, bia ya mshindani. Waonje, wachague inayowapendeza, nchi nzima ikiona.

Hamsini walichagua Schlitz.

Aliyekuwa sebuleni kwake alielewa hivi: nusu ya watu wa Michelob, wakifichwa lebo, wanaikimbia bia yao. Kumbe hesabu ilikuwa imeshapigwa kabla kamera hazijawashwa. Laga mbili zikifanana kiasi kwamba mnywaji anabahatisha tu, kuchagua kunakuwa sawa na kurusha sarafu, na sarafu ikirushwa mara 100, uwezekano wa kupata angalau 40 za upande unaoutaka ni karibu asilimia 98. Ndiyo maana waliitwa wanywaji wa Michelob. Wangeitwa wa Schlitz, halafu nusu yao wakaichagua bia ya jirani, ingekuwa aibu. Kwa wa Michelob, hata 40 tu ni ushindi wa kutangazwa. Kampuni haikuwa inacheza kamari kwamba bia yake ni tamu zaidi. Ilikuwa na uhakika kwamba hakuna atakayeweza kuitofautisha.

Nakikumbuka kisa hiki kila ninapowasikia watu wakibishana kuhusu bia za bei poa za Kimarekani: Budweiser, Miller, Coors, Pabst Blue Ribbon na nduguze. Mmoja atasema ni maji yaliyopita karibu na kimea. Wa pili atasema siku ya jua kali hakuna inayonyweka kama hiyo. Wa tatu yuko tayari kukunja ngumi akitetea kwamba Pabst ni bora kuliko Budweiser. Wa nne, kwa kawaida mwenye mvi, atasema zamani ilikuwa bia hasa, wakaiharibu. Wanagonga meza kana kwamba wanajadili kitu kimoja. Ukisikiliza vizuri unakuta wa kwanza anazungumzia kilichomo kwenye kopo, wa pili anazungumzia joto na mfuko wake, wa tatu anazungumzia yeye mwenyewe ni nani, na wa nne anazungumzia historia. Na huyo wa nne, kwa bahati mbaya ya viwanda, ana ushahidi.

Kilichomo kwenye kopo

Wajerumani waliohamia Milwaukee, St. Louis na Cincinnati katikati ya karne ya 19 walikwenda na ujuzi wa laga, bia inayochachushwa kwenye baridi kwa hamira inayozama chini ya pipa, kisha ikalazwa majuma kadhaa ili itulie. Jacob Best alifungua kiwanda chake Milwaukee mwaka 1844. Mwaka 1862 mjukuu wake aliolewa na nahodha wa meli, Frederick Pabst, na baadaye kiwanda kikachukua jina la huyo nahodha.

Shida waliyoikuta huko ilikuwa shayiri. Iliyostawi sana Marekani Kaskazini ilikuwa ile ya safu sita za punje, yenye protini nyingi kuliko ya safu mbili waliyoizoea kwao. Ukiipika peke yake unapata bia nzito, inayoingia ukungu ikipozwa. Lakini shayiri hiyo hiyo ina vimeng'enya vingi, vya kutosha kuvunja wanga wake na wa nafaka nyingine juu yake. Mkemia kutoka Bohemia, Anton Schwarz, alipohamia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1860 aliwafundisha wapika bia kuitumia nguvu hiyo ya ziada: ongeza mahindi au mchele, nafaka zenye wanga mwingi na protini chache, kimea kitazivunja kuwa sukari, hamira itaila sukari, na utabaki na bia angavu, nyepesi, kavu mdomoni.

Kwa hiyo ile lawama maarufu, kwamba mahindi yaliwekwa ili kubana gharama, ni nusu ya ukweli. Yalianza kama jibu la fundi kwa nafaka aliyoikuta. Budweiser ya Adolphus Busch, iliyoanza kuuzwa mwaka 1876, ilitumia mchele, na wakati huo mchele haukuwa kitu cha bure. Baadaye wahasibu waliyapenda mahindi kwa sababu zao, hilo halina ubishi. Lakini anayedai kwamba bia yenye mahindi si bia anaongea kwa sauti ya sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyotaka shayiri, maua ya hopsi na maji tu. Kwetu, ambako mahindi na mtama vimo kwenye chungu cha pombe tangu enzi za mababu, hoja hiyo inachekesha kidogo.

Haikuwachekesha Wamarekani mwaka 2019. Kwenye Super Bowl ya mwaka huo Bud Light ilitoa tangazo la kuwasuta Miller Lite na Coors Light kwamba wanatumia sharubati ya mahindi. Wakulima wa mahindi walikasirika, baadhi wakajirekodi wakimwaga Bud Light kwenye sinki. Miller wakaenda mahakamani. Kilichopotea katikati ya kelele ni kwamba sharubati hiyo ni chakula cha hamira: huliwa ikaisha, haifiki kwenye glasi. Na Bud Light yenyewe inatumia mchele kwa kazi ile ile. Hakimu wa kwanza aliizuia kampuni ya Bud Light kuendelea na sehemu ya matangazo hayo. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni hiyo ushindi. Wanywaji wengi, nadhani, walibaki tu na wazo kwamba kuna kitu kichafu mahali fulani.

Baada ya nafaka kuna hopsi, maua ya mtambao yanayotia uchungu na harufu. Uchungu wa bia una kipimo chake. Pilsna nzuri, laga ya asili ya Kicheki, hupata kati ya 30 na 45. Laga ya kawaida ya Kimarekani iko kati ya 8 na 18, na nyingi hukaa karibu na sakafu. Weka na gesi ya kutosha, kilevi cha asilimia 4 na kitu hadi 5, na baridi kali, na umemaliza. Mtu anayesema haina ladha hajatukana. Ametoa maelezo ya kiufundi.

Pale Budweiser inapojigamba kwenye lebo kwamba hulazwa juu ya vipande vya mti wa bichi, mnywaji huwaza harufu ya mbao, kama wiski kwenye pipa. Vipande hivyo huchemshwa kwanza kwa magadi soda ili ladha yote itoke. Kazi yake ni kuipa hamira mahali pengi pa kujishikiza imalizie usafi wake, hasa kuondoa asetaldehaidi, kemikali yenye harufu ya tofaa bichi. Yaani hata mbao huoshwa zisiseme neno.

Sasa hapa ndipo mlevi wa bia nzito anapokosea anapodhani bia ya aina hii ni kazi rahisi. Kwenye pilau, viungo vitafunika mchele ulioshika moto chini. Kwenye wali mweupe hakuna pa kujificha. Kosa dogo la hamira, la maji au la usafi wa mabomba ambalo kwenye bia nyeusi usingelijua, kwenye laga nyepesi linapiga kelele. Kuitengeneza ifanane kopo kwa kopo, kwenye viwanda vilivyotawanyika nchi nzima vyenye maji tofauti, ni ufundi wa hali ya juu. Unaweza kuheshimu ufundi huo na bado usitake kunywa matokeo yake. Mimi nimo kundi hilo siku nyingi za mwaka.

Jinsi ladha ilivyopunguzwa bila mtu kujua

Hakuna aliyekaa ofisini akasema sasa tupike bia isiyo na ladha. Marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933 iliua viwanda vingi, na vilivyonusurika viliishi kwa kuuza vitu vingine. Pabst waliuza hata jibini. Marufuku ilipoondolewa, watu wazima wapya walikuwa wamekulia kwenye soda. Ikaja vita, nafaka zikabanwa. Zikaja televisheni na barabara kuu, viwanda vikubwa vikawameza vidogo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ikabaki na viwanda visivyofika 100. Anayewauzia watu milioni mia hatafuti bia itakayopendwa sana na mmoja. Anatafuta ambayo hakuna atakayeisukuma pembeni.

Schlitz ndio waliotuonyesha mteremko huo unavyokwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wa pili kwa ukubwa nchini, wakiwakaribia Anheuser-Busch. Uongozi ukafupisha muda wa kuchachusha, ukaongeza sharubati ya mahindi, ukaacha maua mazima ya hopsi. Kila badiliko lilionjwa dhidi ya bia ya jana, na waonjaji hawakuona tofauti kubwa. Tatizo ni kwamba bia ya jana nayo ilikuwa imebadilishwa juzi. Ukishuka ngazi kumi, kila moja fupi isiyohisiwa na mguu, bado umeshuka ghorofa.

Kilichowaangusha kabisa kilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Mwaka 1976 walibadilisha kemikali ya kuzuia ukungu wakachukua nyingine, ambayo ilipokutana na ile ya kutunza povu ilifanya protini zigande na kushuka chini kama makamasi. Bia ilikuwa salama kunywa. Lakini nani atakunywa? Makopo na chupa zipatazo milioni 10 zilirudishwa kimyakimya. Mwaka 1982 kampuni ikauzwa kwa Stroh ya Detroit. Lile tangazo la Super Bowl, basi, lilikuwa mfa maji akitapatapa, mwaka mmoja kabla ya mazishi. Ulimi wa Wamarekani haukuweza kuitofautisha Schlitz na Michelob, na haikusaidia kitu, kwa sababu walikuwa wameshaacha kuinunua kwa sababu nyingine.

Ulimi na lebo

Sebule ya Super Bowl haikuwa mahali pa kwanza jambo hili kuonekana. Mwaka 1964 Ralph Allison na Kenneth Uhl walichapisha utafiti uliohusu wanywaji bia 326. Walipelekewa nyumbani chupa zisizo na lebo, wakazipa alama. Kwa jumla hawakuweza kuziainisha, na bia ambayo mtu alisema ndiyo yake hakuipa alama za juu kuliko nyingine. Kisha wakapelekewa bia zile zile zikiwa na lebo. Alama zote zikapanda, na ya kila mtu ikapanda juu ya zote.

Wapenda bia za bei ghali wasicheke mapema. Mwaka 2014 Johan Almenberg, Anna Dreber na Robin Goldstein walichapisha jaribio la aina hiyo kwa laga za Ulaya zenye heshima zake, Heineken, Stella Artois na Czechvar. Njia yao ni ya glasi tatu: mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, wewe taja iliyo tofauti. Wanywaji walifanya takriban kama watu wanaobahatisha.

Rahisi kuhitimisha kwamba mapenzi ya bia ni uongo tu wa kujidanganya. Sikubaliani, na sababu yangu ni siki. Leonard Lee, Shane Frederick na Dan Ariely walifanya jaribio kwenye baa za karibu na chuo cha MIT wakalichapisha mwaka 2006. Walichukua bia ya kawaida wakaidondoshea siki ya balsamiki. Wasioambiwa kitu, wengi waliipendelea kuliko ile isiyo na siki. Walioambiwa kabla ya kuonja walikunja uso. Kundi la kuvutia ni la tatu, lililoambiwa baada ya kunywa lakini kabla ya kusema wanaipenda ipi: hao waliipenda karibu sawa na wasiojua. Kama habari ya siki ingekuwa inawatia aibu tu, nao wangeikana. Hawakuikana, kwa sababu walikuwa wameshaonja wakaona tamu. Habari ikitangulia, inaingia mdomoni pamoja na bia. Anayeisifu Budweiser yenye lebo hasemi uongo kuhusu alichokipata. Alichokipata kina lebo ndani yake.

Na uhaba nao ni lebo. Kwa miaka mingi Coors iliuzwa kwenye majimbo ya magharibi tu. Watu wa mashariki waliisafirisha kwenye mabuti ya magari kama bidhaa ya magendo, na Rais Gerald Ford mwenyewe alikuwa mpenzi wake. Ilipoanza kusambazwa nchi nzima miaka ya 1980, ikawa laga nyingine kwenye friji. Maji ya milima ya Colorado yalikuwa yale yale.

Kinachofanya lebo iwe na nguvu hivi kwenye bia hizi hasa, kuliko kwenye bia nyeusi iliyojaa ladha ya kuungua, ni ule utupu tuliouona. Kinywaji kilichotengenezwa kisimkere mtu kinaacha nafasi kubwa, na nafasi hiyo hujazwa na baba yako alikuwa anakunywa nini, timu yako inadhaminiwa na nani, na ulikuwa na nani siku ile.

Tofauti zilizopo kweli

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akiamini zote ni moja kabisa. Pabst inaegemea mahindi, na ukiiacha ipoteze baridi kidogo utapata utamu wa mahindi ya kuchemsha na harufu ya daimethili salfaidi, kemikali inayotoka kwenye kimea chepesi. Budweiser ya mchele ni kavu zaidi, na ina ile chembe ya tofaa ambayo wapishi wake wamekubaliana nayo kuwa alama yake. Aliyefundishwa kunusa atazitenganisha. Tofauti ipo, ila ni nyembamba, na baridi kali huifuta.

Hapo sisi wa Afrika Mashariki tuna faida. Mhudumu wa baa kwetu huuliza, ya moto au ya baridi? Kwa Mmarekani swali hilo ni kama kuulizwa anataka supu ya barafu. Matangazo yao yote ni ya barafu na theluji, na kuna sababu: baridi hufisha pua na ulimi. Laga nyepesi ikinywewa ya moto inavua nguo. Bia zetu zilizokulia kwenye mazingira ya baa zisizo na friji ya uhakika zilibidi ziweze kunyweka hivyo. Mwenye Budweiser leo, AB InBev, ndiye pia mwenye hisa nyingi za TBL, kampuni ya bia ya Tanzania wanaopika Safari na Kilimanjaro, kwa hiyo linganisho unaweza kulifanya ndani ya ukoo mmoja.

Sehemu ya maoni mabaya inatokana na bia iliyoteswa baada ya kutoka kiwandani. Mwanga wa jua ukigonga hopsi ndani ya chupa ya kijani au nyeupe, kwa muda mfupi tu, huzalisha kemikali ya salfa inayonuka kama mnyama kicheche, na pua ya binadamu huikamata hata ikiwa chembe kidogo mno. Miller hutumia hopsi iliyobadilishwa kikemia ndiyo maana High Life yake inaweza kukaa kwenye chupa nyeupe. Kopo halipitishi mwanga kabisa. Wanaodharau kopo wanakosea: kwa laga nyepesi, kopo ndilo pakiti bora. Ukiongeza kopo lililokaa ghalani miezi minane kwenye joto, linalonuka boksi lililolowa, unaelewa kwa nini watu wawili walionunua bia moja kwenye miji miwili wanaweza kupeana maneno makali, kila mmoja akiwa mkweli.

Halafu kuna swali la nani anatoa alama. Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani mwaka 1978, na wale wapishi wa jikoni wakawa wenye viwanda vidogo. Leo viko zaidi ya 9,000. Anayekaa chini kuipa bia alama ya namba mara nyingi ni mtoto wa mapinduzi hayo. Anapenda uchungu, harufu za machungwa, kimea kilichokaangwa. Kumpa Pabst ahukumu ni kama kumpa mpenda biriani ahukumu uji. Wanaokunywa Pabst kwa furaha hawaandiki alama. Wamesharudi kwenye friji kuchukua nyingine. Budweiser walijaribu kuupanda farasi wa ugomvi huu kwenye Super Bowl ya 2015, wakawadhihaki wanaonusa bia ya boga na pichi. Siku chache kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kuinunua Elysian ya Seattle, kiwanda kidogo kilichowahi kupika bia ya boga na pichi.

Utepe wa bluu

Hakuna chapa inayokusanya fujo hii yote kama Pabst Blue Ribbon. Kopo lake linasema ilichaguliwa kuwa bora ya Marekani mwaka 1893, yaani kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago. Utepe wenyewe ulitangulia maonyesho: tangu 1882 kiwanda kilikuwa kikifunga utepe wa hariri ya bluu kwenye shingo za chupa. Na kuhusu ushindi wa Chicago, Pabst na Adolphus Busch waligombana juu ya alama za waamuzi muda mrefu baada ya maonyesho kufungwa, na medali zilizotolewa zilikuwa za shaba, kwa waliofikia kiwango fulani. Sifa ya kwanza kabisa ya bia hii, basi, nayo ina ubishi.

Kileleni, mwaka 1977, Pabst iliuza karibu mapipa milioni 18, kila pipa likiwa na lita 117. Kisha ikaporomoka. Mwaka 1996 kiwanda cha Milwaukee kilifungwa na wastaafu wakakatiwa mafao ya matibabu, jambo lililoacha kovu kwenye mji uliojiita mji wa bia. Kufikia 2001 bia hiyo iliuza chini ya mapipa milioni moja. Kwa kila kanuni ya biashara ilikuwa maiti.

Wakaifufua watu ambao hakuna aliyewaomba. Portland, Oregon, vijana waendesha baiskeli wa kupeleka vifurushi mjini, wanamuziki wasio na kitu na wenzao walianza kuiagiza. Ilikuwa ya bei ya chini kabisa kaunta, na ilikuwa na jambo moja jingine: haikuwa na tangazo lolote kwenye televisheni, kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha. Kwa kizazi kilichochoka kuuziwa, bia isiyowakimbiza ikawa ndiyo bia yao. Kampuni ilipogundua mauzo yanapanda, ilikuwa na busara ya kunyamaza, ikafadhili vitu vidogo vidogo kama polo ya baiskeli.

Kichekesho ni kwamba Pabst ambayo vijana hao waliiinua juu kama fimbo ya kuwapigia makampuni makubwa ilikuwa ikipikwa kwa mkataba kwenye viwanda vya Miller. Je, walidanganywa? Kidogo. Lakini kwa dola moja ya kopo walinunua bia nyepesi iliyopikwa vizuri na hisia ya kutonunuliwa, na sijui mtu angewaambia nini warudishe. Nchini China wakati huo huo, mwaka 2010, jina lile lile liliwekwa kwenye bia nyingine kabisa, nyekundu-kahawia, iliyolazwa kwenye mapipa ya wiski, Blue Ribbon 1844, chupa kwa takriban dola 44. Waliokuwa hawajawahi kuiona ikinywewa kwenye kopo la kubonyea hawakuwa na sababu ya kushangaa.

Anayedai ni bora kuliko Budweiser, basi, anaongea kweli kuhusu mahindi kwa sehemu ndogo, na kuhusu Portland kwa sehemu kubwa. Wa Milwaukee anayekataa kuigusa anaongea kuhusu bima ya matibabu ya baba yake. Wote wana kopo moja mkononi.

Na yule mzee mwenye mvi? Mwaka 1999 Pabst waliinunua chapa ya Schlitz, au kile kilichobaki. Walipotaka kuirudishia heshima waligundua kwamba kanuni ya upishi ya miaka ya 1960 haipo kwenye makaratasi; ilipotea katikati ya mauzo na mabadiliko yale ya hatua ndogo ndogo. Ikabidi wawatafute wapishi wastaafu wawahoji wanachokumbuka, wapike, waonjeshe, wapike tena. Mwaka 2008 ikaingia sokoni kwenye chupa za kahawia, ikitangazwa kuwa ya miaka ya 1960, na wazee wa Milwaukee waliinunua kwa shauku wakisema ndiyo hii. Chupa halisi ya kulinganishia haikuwepo. Na hata kama mtu angekuwa ameificha moja darini tangu 1965, laga ya miaka 43 ina ladha ya boksi.